Kafi la kaboni la mgeni: ninunue au niache?

Shikamoo Ami. Natembeza wageni majini kwa mbao za kuelea, zile za kusimama juu yake ukipiga kafi, hapa Kilifi, kutoka upande wa daraja hadi kwenye mikoko kuangalia ndege. Kafi langu ni la alumini, lile la kurefusha na kufupisha, na ikifika usiku bega la kulia haliniachi nilale. Sasa kuna mgeni anarudi kwao, anataka kuniuzia kafi lake la kaboni la kipande kimoja kwa shilingi 15,000. Ni jepesi ajabu. Ila yeye ni mrefu na kafi lina sentimita 208. Mimi nina 163. Ninunue? Na nikinunua, nilitumieje lisinivunjikie?
Msomaji, Kilifi

Marahaba mwanangu. Kabla pesa hazijatoka, lipime kwanza hilo la alumini, kuanzia ncha ya bapa, ile sehemu pana inayoingia majini, hadi juu ya kishikio. Urefu wake ndio unaonitia shaka, kuliko uzito. Kanuni ya wapiga kafi ni kimo chako, ujumlishe sentimita 15 hadi 25. Kwa mwendo wa maji tulivu kama wako, 20 zinatosha, yaani kafi la 183 hivi. Makafi ya kukodisha mara nyingi huachwa yamerefushwa hadi mwisho, na anayefuata hulichukua lilivyo. Kafi likizidi, mkono wa juu unapanda kupita kichwa kila pigo, na bega ndilo linalolipa. Lifupishe ulifanyie kazi wiki moja. Maumivu yakibaki, nenda ukaonwe na daktari. Hakuna kafi litakalokutibu.

Lakini uzito nao si porojo. Kafi la alumini hukaribia kilo moja, la kaboni zuri huwa kati ya gramu 500 na 650. Tuseme tofauti ni gramu 400. Ukipiga mara 40 kwa dakika, saa moja ni mapigo 2,400, na kila pigo unalinyanyua kafi kulirudisha mbele. Zidisha mwenyewe: kilo 960 ambazo mkono wako haukuzibeba. Mgeni wa nusu saa hataona tofauti yoyote. Wewe unayeshinda majini utaiona.

Basi mimi nasema nunua, ila likague kwa jeuri, hata mwenyewe akinuna. Kwanza liweke kwenye mizani ya dukani. Ule mfumo mweusi wa kusukwa unaong'aa unaweza kuwa ganda la juu tu, ndani ni fiberglasi. Likifika gramu 800, bei ishuke. Fiberglasi si mbaya, inavumilia kugongwa kuliko kaboni, lakini usiilipie bei isiyo yake. Pili, chukua sarafu uligonge bapa lote taratibu, kama unavyogonga nazi ukisikiliza. Mlio uwe mkavu na ule ule kila mahali; ukififia pahali pamoja, tabaka zimeachana ndani. Tatu, pitisha kucha pale mpini unapoingia kwenye bapa. Hapo ndipo nguvu zote hukutana. Ukihisi ufa mwembamba, usikubali kuambiwa ni mkwaruzo wa rangi, maana alumini hupinda kwanza ukaona, kaboni hukatika ghafla ukiwa katikati ya mkondo. Litikise pia: yakisikika maji ndani, limevuja.

Urefu usikutishe. Kafi refu hukatwa, fupi ndilo lisilo na dawa. Makafi mengi ya kipande kimoja kishikio chake kimebandikwa kwa gundi moto. Kipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, kitalegea ukizungushe utoe. Usikate sentimita 25 zote siku ya kwanza. Acha libaki kama 188, bandika tena kwa gundi moto, lipige siku chache, kisha upunguze. Zungushia selotepu pale pa kukata na tumia msumeno wa kukatia chuma wenye meno madogo. Unga wa kaboni unawasha ngozi na haufai kifuani, kwa hiyo vaa barakoa, lowesha, na ufanyie nje. Na angalia upana wa bapa. Kama la huyo jamaa linapita sentimita 22, ni kubwa mno kwa mwili wako; litakuchosha kuliko alumini uliyoikimbia.

Kulitumia sasa. Bapa lina mgeuko mdogo kutoka kwenye mpini, na mgeuko huo uelekee mbele, kwenye pua ya ubao. Naona watu wazima wamelishika kinyume, bapa likiwaelekea kama wanachota uji. Lizamishe bapa lote kwanza, ndipo uvute, kwa kiuno na mgongo, na ulitoe likifika miguuni. Ukivuta hadi nyuma unainua maji tu. Mkono wa juu usipande kupita macho. Kafi jepesi lina kishawishi chake: mtu huanza kulipiga harakaharaka akichapa maji juu juu.

Mikokoni achana nalo. Chaza walioshika mizizi wana makali, na ukijisukuma kwa kafi kwenye mwamba au mizizi, ukingo unabanduka. Mimi ningebaki na alumini kwa siku za maji kupwa, na la kaboni nilizungushie mkanda wa plastiki ukingoni. Lioshe kwa maji yasiyo ya chumvi, usiliache juani kwenye paa la gari, na radi ikinguruma toka majini haraka, kwani kaboni inapitisha umeme.

Ami, la kaboni likiniponyoka litazama?
Msomaji, Watamu

Mengi huelea, kwa kuwa mpini ni mtupu na umezibwa. Yale ya vipande vitatu huingiza maji kwenye viungo na kuanza kushuka polepole. Lijaribu kwenye maji ya magotini, uliache dakika kumi. Siku ya kusi usilifuate kafi kwa kuogelea, upepo utakunyang'anya ubao. Vuta kamba ya mguuni iliyofungwa kwenye ubao, panda, lala kifudifudi na upige maji kwa mikono hadi lilipo.