Maswali na Majibu: Programu ya Bure ya Kufungua Faili Zilizobanwa, kwa Kompyuta ya Aina Yoyote

Safu ya toleo hili tumewaachia wasomaji waliotuandikia kuhusu faili zilizobanwa, yaani zile ambazo majina yake huishia na zip, rar, 7z na mengine ya jamii hiyo. Tunaanza na barua iliyobeba mengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika idara yetu wengi tunatumia Windows, mwenzetu mmoja anatumia Mac, na mtaalamu wetu wa takwimu haachi Linux yake. Kila tunapotumiana kazi, lazima mmoja wetu ashindwe kuifungua, hasa ikiwa ni rar. Wapo wanaotushauri tununue programu. Je, hakuna programu moja ya bure inayofanya kazi kwenye mifumo yote mitatu? Na kwa nini rar ndiyo inayotusumbua kuliko nyingine? *Katibu wa idara*

JIBU: Ndugu Katibu, programu hiyo ipo, na kwa kazi ya kufungua tu sioni sababu ya kutoa fedha. Kwa idara yenye mchanganyiko kama wenu ninapendekeza PeaZip, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Giorgio Tani wa Italia, kwa sababu sura yake ni ileile kwenye Windows, Linux na Mac, hivyo aliyeizoea kwenye kompyuta moja anaweza kumwelekeza mwenzake wa kompyuta nyingine hata kwa simu. Sehemu kubwa ya kazi yake ya ndani hufanywa na 7-Zip, programu ya Mrusi Igor Pavlov ambayo ilitoka mwaka 1999 na ambayo watumiaji wa Windows wanaweza kuichukua yenyewe bila PeaZip. 7-Zip nayo ina matoleo ya Linux na Mac, ila huko huendeshwa kwa kuandika amri, jambo ambalo mtaalamu wenu wa takwimu atalifurahia na mwenzenu wa Mac huenda akalichukia. Zote mbili ni programu huria: msimbo wake uko wazi, hazidai leseni ya kulipia hata zinapotumika ofisini, na hazikukumbushi kila asubuhi kwamba siku za majaribio zimekwisha.

Shida ya rar ina historia yake. Muundo wa zip ulitolewa mwaka 1989 na Mmarekani Phil Katz, ambaye aliyaacha wazi maelezo yake ili yeyote atakaye aandike programu ya kuusoma na kuuandika. Ndiyo maana Windows, Mac na Linux zote huifungua zip bila kuongezewa kitu. Rar ilianzishwa mwaka 1993 na Mrusi Eugene Roshal, na njia yake ya kubana haikuachwa wazi hivyo. Wenye rar wametoa bure msimbo wa kufungulia, lakini kwa sharti kwamba usitumiwe kuiunda upya njia ya kubania. Kwa hiyo 7-Zip na PeaZip hufungua rar vizuri kabisa, lakini hazitengenezi rar zenyewe, na hilo ni suala la leseni, wala si upungufu wa ufundi. Mwaka 2013 rar ilipata muundo mpya wa toleo la tano, ambao programu za kabla ya hapo haziutambui. Mkiona rar moja inafunguka na nyingine inakataa kwenye kompyuta ileile, tazameni kwanza umri wa programu kabla ya kuilaumu faili. Windows 11 ilianza kufungua rar na 7z yenyewe mwaka 2023, lakini kwa rar Mac bado inahitaji msaada.

Hata hivyo, dawa ya kudumu iko kwa anayetuma. Kubalianeni kwamba kila kinachotumwa nje ya meza ya mtu kiwe zip. Ni kweli kwamba 7z, inayotumia njia ya LZMA, mara nyingi hubana zaidi, na kwa kuhifadhi kumbukumbu zenu za ndani ningeichagua bila kusita. Lakini nafasi mnayookoa haifai kitu iwapo mpokeaji atapoteza asubuhi nzima akitafuta namna ya kufungua. Mtaalamu wenu wa Linux aachwe na tar yake, muundo wa kukusanya faili nyingi kuwa moja, anapohifadhi programu zake, kwa kuwa tar hutunza ruhusa na umiliki wa faili kama mfumo wake unavyozitambua.

SWALI: Nimepakua kifurushi kikubwa cha zip chenye masomo ya video. Nikikifungua ninaambiwa kimeharibika, na kingine kinaniletea kosa la CRC. Nimebadilisha programu mara kadhaa bila mafanikio. Ipo programu ya bure inayoweza kukikarabati? *Mwanafunzi wa uhandisi*

JIBU: Acha kubadilisha programu, kwa maana karibu kila mara tatizo liko kwenye faili yenyewe. Zip huweka orodha ya vilivyomo mwishoni, kama kitabu ambacho yaliyomo yameandikwa ukurasa wa mwisho. Upakuaji ukikatika hata kwa kipande kidogo, ukurasa huo ndio unaopotea kwanza, na programu hubaki na lundo la data isiyojua mipaka yake, ndipo inapokuambia kuwa hicho si kifurushi halali. Linganisha ukubwa wa faili uliyonayo na ule uliotajwa ulikoipakua. Ikiwa yako ni ndogo, umepata jibu, na kinachobaki ni kupakua upya. Ikiwa wenye faili wametangaza alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, 7-Zip inaweza kukokotoa ya kwako ili ulinganishe herufi kwa herufi.

Kosa la CRC ni jambo jingine. Programu inapobana faili hupiga hesabu juu ya yaliyomo na kuhifadhi jibu lake, namba ya biti 32. Wakati wa kufungua hesabu hiyo hurudiwa, na majibu yakitofautiana unapewa onyo. Maana yake ni kwamba kipande fulani kimebadilika njiani au kwenye diski, ingawa ukubwa wa faili unaweza kuwa sahihi. Katika zip kila faili hubanwa peke yake, hivyo zilizobaki kwa kawaida utazipata salama. Katika 7z, ambako faili nyingi huunganishwa na kubanwa kwa pamoja, kovu moja linaweza kuharibu kila kilichofuata ndani ya fungu hilo. Programu zinazojitangaza kwamba hukarabati vifurushi zinaweza kuijenga upya orodha iliyopotea, lakini haziwezi kubuni data ambayo haipo, kwa hiyo usizilipe kabla hujajaribu kupakua tena. Kati ya zip, 7z na rar, ni rar pekee yenye uwezo wa kujitibu kidogo, na hilo pia ni pale tu aliyeitengeneza alipoongeza data ya uokoaji tangu mwanzo.

Angalia mambo mawili zaidi. Ikiwa kifurushi kimegawanywa vipande, vyote viwe ndani ya folda moja na majina yake yasibadilishwe, kisha ufungue cha kwanza tu. Vingine programu itavifuata yenyewe. Na ikiwa unafungulia kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, kumbuka kwamba mfumo huo haupokei faili moja ya GB 4 au zaidi, hata kama flashi ina nafasi tele. Video ndefu hukwama hapo, na mtu akadhani kifurushi ndicho kibovu.

SWALI: Nimesahau nenosiri la faili yangu ya 7z. Je, mnaweza kunisaidia kulivunja? *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Hatuwezi, na ikiwa nenosiri lilikuwa refu, hakuna programu ya bure wala ya kulipia itakayolivunja kwa muda wa maana. 7z hutumia AES ya biti 256, njia imara ya kufunga data kwa siri, na hulisaga nenosiri kwa mizunguko 524,288 ya hesabu ya SHA-256 kabla ya kupata ufunguo, makusudi ili kila jaribio la kukisia liwe ghali. Zip ina sura mbili: ufungaji wake wa zamani ni dhaifu, na wataalamu walikwisha kuonyesha namna ya kuuvunja tangu mwaka 1994, ilhali ule wa AES ni imara. Anayefunga nyaraka za siri kwa zip achague AES, na ajue kwamba majina ya faili bado yataonekana kwa kila mtu. 7z inaweza kuyaficha hata hayo ukiiagiza.

SWALI: Je, programu hizi za bure ni salama? Rafiki yangu aliweka moja, akaletewa matangazo kila anapofungua kivinjari. *Msomaji mwenye wasiwasi*

JIBU: Hayo matangazo kwa kawaida hutoka kwa tovuti za watu wa kati, ambao huifunga programu nzuri pamoja na takataka zao. 7-Zip ichukuliwe kwenye tovuti yake yenyewe, 7-zip.org, na kwenye Linux ichukuliwe katika hazina ya mfumo wako.

Hatari inayosahauliwa ni uzee wa programu. 7-Zip haijisasishi yenyewe: usipoiwekea toleo jipya, ile uliyoiweka miaka mitano iliyopita ndiyo inayofanya kazi leo, na kasoro zake zote zimo. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba WinRAR, programu ya Windows ya kutengeneza na kufungua rar, ilikuwa na kasoro ya miaka mingi katika kipande cha kufungulia muundo wa zamani uitwao ACE, iliyomwezesha mshambuliaji kupenyeza faili yake mahali ambapo ingejiendesha kompyuta inapowashwa. 7-Zip nayo imewahi kurekebishiwa kasoro zake. Kufungua kifurushi cha mtu usiyemjua ni kumruhusu aipe programu yako kazi. Kwa hiyo tazama kwanza orodha ya vilivyomo bila kuvitoa, na ukiona kinachodaiwa kuwa ankara kinaishia na exe, yaani ni programu ya kuendeshwa, kifute.

SWALI: Nimebana picha zangu za JPG, ukubwa haukupungua. Tena kila zip ninayoletewa kutoka Mac ina folda iitwayo __MACOSX. Je, ni virusi? *Mpiga picha*

JIBU: JPG, kama ilivyo kwa MP3 na video za MP4, tayari imekwisha kubanwa, kwa hiyo zip hukusaidia kukusanya picha pamoja tu, na unaweza kuchagua kiwango cha kutobana kabisa ili kazi iende haraka. Folda ya __MACOSX si virusi. Hubeba taarifa za ziada ambazo Mac pekee huzitumia, na kwenye Windows au Linux unaweza kuifuta.