Tumelipa mafao ya kifo bila kukata mkopo: tufanyeje?

Swali: Mimi ni afisa madai katika kampuni ya bima ya maisha, Dar es Salaam. Tulilipa mafao ya kifo Sh milioni 20: mjane asilimia 60, watoto wawili, wote watu wazima, asilimia 20 kila mmoja. Baadaye mkaguzi wa ndani akakuta marehemu alikopa kwa dhamana ya bima hiyo na hakurejesha; deni na riba hadi siku ya kifo ni milioni 6.4. Bosi anataka nifute malipo kwenye mfumo, niyaingize upya kwa milioni 13.6, kisha hiyo milioni 6.4 yote tuikate kwenye bima ya elimu ambayo mjane anayo kwetu. Ni sawa?

Jibu: Hapana, yote mawili.

Malipo yaliyokwisha kutoka benki hayafutwi. Ukiyafuta, mfumo utasema 13.6, taarifa ya benki itasema 20, na mkaguzi wa nje atataka kujua nani aligusa rekodi na kwa nini. Tena gharama ya mafao haina kosa: kifo kiliivisha milioni 20 kamili. Kilichokosewa ni kwamba sehemu yake ilipaswa kulipa mkopo, ikatoka kama fedha taslimu. Kwa hiyo debiti wadaiwa wa mafao milioni 6.4, krediti mikopo ya bima kiasi hicho hicho, yaani deni lihame kutoka akaunti ya mikopo kwenda akaunti ya waliozidishiwa, uambatanishe maelezo na idhini. Dhamana ya mkopo ilikuwa bima yenyewe, nayo imekwisha. Deni sasa ni la waliopokea. Hakikisha pia mfumo umeacha kuhesabu riba. Kuna kampuni ambazo bado zinamtoza marehemu!

Kwa kuwa mafao yenyewe hayajabadilika, hesabu za bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni yenu yenyewe inakata kwa kampuni nyingine, kwa kawaida haziguswi. Mngelipa dai lile lile mara mbili, hapo mngelazimika kuzirekebisha.

Kuhusu kudai, sheria iko upande wenu. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe. Hata uzembe wenu peke yake hauwanyimi haki hiyo. Katika Kelly v Solari, Uingereza, 1841, wakurugenzi wa kampuni ya bima ya maisha walimlipa mjane ilhali bima ilishakufa kwa ada kutolipwa. Walikuwa wamearifiwa, wakasahau. Mahakama ilisema kusahau hakuzuii kudai, isipokuwa kama mlipaji aliamua kulipa bila kujali ukweli ukoje.

Lakini kila mmoja anadaiwa alichozidishiwa yeye: mjane milioni 3.84, watoto milioni 1.28 kila mmoja. Bosi wako anataka mama alipe hata ya wanawe, ambao ni watu wazima. Bima ya elimu ni mkataba mwingine kabisa. Bila kipengele kinachoruhusu, au ridhaa yake ya maandishi, msiiguse. Akienda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mtakuwa na kazi ngumu kujitetea.

Andika barua tatu. Kila moja iwe na hesabu ya mgao, nakala ya fomu ya mkopo yenye saini ya marehemu, na nafasi ya kulipa kwa awamu bila riba. Kabla hazijatoka, mpigie mjane simu. Huenda hakujua kabisa kwamba mumewe alikopa, na habari hiyo isimfikie kwanza kwa barua ya madai.