Nimekariri nahau za Kiingereza, mbona zinaniharibia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni nesi, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, niende Uingereza. Nilinunua PDF ya nahau 500 za Kiingereza nikazikariri karibu zote. Juzi bosi wetu, Mwingereza, kafiwa na baba yake, nikamwandikia "sorry your father kicked the bucket". Mpaka leo kimya. Si maana yake ndo hiyohiyo kufa?

Jibu: Marahaba dada. Maana ni kufa, ndiyo. Ila hiyo ni lugha ya utani, ni sawa na mimi nije msibani kwenu nikwambie pole dada, nasikia mzee kakata kamba, ungenielewa vizuri sana na ndo maana ungeumia. Mwandikie leo umwombe radhi, sema "I'm so sorry for your loss", basi.

Wanaonikera ni hawa wauza listi. Nahau kushoto, maana kulia, kwisha, hawakwambii nani anamwambia nani na wapi. "Under the weather" wanakuandikia "kuumwa". Sasa wewe nesi ukimwambia daktari mgonjwa wa ICU yuko "under the weather" ataelewa ana kamafua tu, hapo si kosa la Kiingereza tena, ni uhai wa mtu. "Break a leg", yaani neno kwa neno "vunja mguu", wanaandika "kila la heri" kumbe anaambiwa hasa msanii anayepanda jukwaani, usije ukamwambia mgonjwa anayepelekwa theatre kufanyiwa operesheni ya goti. "It's raining cats and dogs" haikosi kwenye listi yoyote, wakati Waingereza wengi mvua kubwa ikinyesha wanasema tu "it's pouring". Hata wenyewe kwa wenyewe wanakwama: ku-"table" hoja Uingereza ni kuileta ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando, na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza enzi hizo, aliandika kwamba kwenye Vita Kuu ya Pili maofisa wa nchi hizo mbili walibishana muda mrefu juu ya hilo kabla ya kugundua wanataka kitu kimoja.

Halafu wanawatisha eti bila nahau hupati band 7, yaani alama 7 kati ya 9. Vigezo vya Speaking, sehemu ya kuongea, vinataja lugha ya "idiomatic" kweli, lakini hapohapo vinaangalia kama unajua mtindo na maneno yanayoendana, na "idiomatic" ni vile wenye lugha wanavyoongea kila siku, hata "it depends" na "I'm used to it" zimo. Mtahini anajua sana jibu la kukariri. Na insha ya Writing ni lugha rasmi, "piece of cake" (kitu rahisi) na ndugu zake ziache nje ya mlango.

Kabla hujatumia nahau yoyote fungua kamusi ya Cambridge au ya Oxford ya wanaojifunza, zipo bure mtandaoni, angalia kama wameiwekea alama ya "informal" au "old-fashioned", soma mifano yake. Kama hujawahi kumsikia mtu akiitumia kwenye mazungumzo ya kweli, usianze wewe. Na anayekuahidi utaongea kama mzungu ndani ya wiki mbili usimpe hata shilingi, hela hiyo lipia mock test, mtihani wa majaribio.