Tuulize Kazini: Bosi kataka niwafundishe wenzangu LinkedIn

Dada habari za majukumu. Mimi ni HR kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, tuko kumi na nne ofisini. Bosi kasikia wenzetu wanapata wateja wa Congo kupitia LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, kaniambia niandae mafunzo ya wafanyakazi wote. Ukweli akaunti yangu nilifungua 2017 na paswedi sikumbuki. Nikodi ukumbi au? – HR mwenye presha, Kurasini

Mdogo wangu ukumbi achana nao, hiyo hela wanunulie watu bando. Mimi nilishakaa semina ya hivyo siku mbili nzima, projekta, chai na sambusa, jamaa katuonyesha kila batani iliyopo, katueleza mpaka Microsoft walivyoununua huo mtandao 2016 kwa dola bilioni 26.2, tukapiga makofi tukapewa vyeti. Wiki iliyofuata nikawapitia wote tuliokaa meza moja, hakuna aliyebadilisha hata mstari, na mimi nikiwemo.

Wewe chukua saa moja tu kila Alhamisi, kila mtu na simu yake, profaili yake mwenyewe iko wazi mbele yake. Alhamisi ya kwanza shughulikieni mstari ulio chini ya jina, basi. Usipougusa, mtandao unakujazia wenyewe cheo na jina la kampuni, sasa mtu wa Lubumbashi mwenye kontena lake Dar hatafuti "ofisa uendeshaji", anatafuta Dar, transiti, Kasumbalesa pale mpakani mwa Zambia na Congo. Nafasi ni herufi 220 na zinatosha kabisa kuandika "Natoa mizigo ya transiti bandari ya Dar kwenda Lubumbashi na Kolwezi, nyaraka za forodha mpaka Kasumbalesa", na kama kuna anayejua Kifaransa awatafsirie wenzake maana Lubumbashi Kiswahili wanaongea lakini karatasi za kazi wanaandikiana Kifaransa. Mkishaandika badilishaneni simu, jirani asome kwa sauti halafu aseme mwenzake anafanya kazi gani, akishindwa huyo mwenye simu anaandika upya. Mtacheka sana siku hiyo.

Alhamisi ya pili fundisha salamu. Nasema salamu kwa sababu hapo ndipo watu wazima wenye digrii wanapoharibu, mtu hamjui anamwandikia "Hi dear naomba tukonekti", na mwenzie anafuta bila hata kusoma. Akaunti ya bure inakubana, kwa mwezi ni maombi machache tu unaweza kuyaambatanisha na ujumbe, kwa hiyo kila ujumbe uandikwe kama unavyobisha hodi kwa mtu. Mfano: "Habari za kazi mzee. Nimeona ulivyoeleza malori yalivyokwama Tunduma wiki iliyopita. Mimi natoa mizigo hapa Dar na ya kwetu ilikwama pia, ningependa tufahamiane." Hakuna kuomba kazi hapo, hakuna profaili ya kampuni ya kurasa thelathini. Akijibu ndio mnaendelea, asipojibu mwache, kumpigia hodi mara tatu kwa siku ni usumbufu.

Ya tatu ni komenti na posti, na hapa wabane kweli. Vijana wa opareshen wanapenda kujipiga picha yadi na B/L mkononi, ile hati ya mzigo wa meli, jina la mteja linasomeka na namba ya kontena juu. Mteja akiona hivyo anahama na wala hakwambii kwa nini.

Ah na wewe uanze kwanza. Mwalimu mwenye profaili ya 2017 isiyo na picha hawatamsikiliza.

Dada, mimi ni mhasibu Mwanza. Kazi nchi hii ni koneksheni, na mimi sina mjomba wizarani. Huo mtandao utanisaidia nini? Halafu naogopa bosi akiniona narekebisha profaili atajua natafuta pa kutokea.

Hilo la mjomba sikubishii, lipo. Ila kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, tangu 1973 aliandika kwamba habari za kazi mara nyingi zinakuja na watu tunaojuana nao kwa mbali, kwa sababu rafiki yako wa kila siku anajua yale yale unayoyajua. Na 2022 watafiti walitoa matokeo ya kuipima hoja hiyo humo humo LinkedIn kwa watu milioni 20, wakakuta waliosaidia zaidi watu kuhama kazi ni wale wa kujuana kiasi tu. Kwa hiyo waache mashemeji, watafute mliosoma wote chuo, yule mkaguzi wa nje aliyekuja kuwakagua mwaka juzi, uliyekaa naye siku ya mtihani wa bodi. Hao wanakukumbuka ila hawajui uko wapi siku hizi.

Kuhusu bosi, kabla hujagusa chochote ingia kwenye setingi uzime ile ya kuwatangazia watu kila unapobadilisha profaili. Ile duara ya kijani ya kuonyesha unatafuta kazi usiiweke, kuna chaguo la kuwaonyesha waajiri tu, lakini hata hilo mtandao wenyewe hautoi uhakika kwamba wa ofisini kwako hawataona. Na usirekebishe yote usiku mmoja bwana, leo picha, wiki ijayo mstari.

Kuna meneja wa hoteli Doha kaniandikia inboksi, kazi ipo, nitume elfu kumi na tano za medikali kwanza. Profaili yake ni nzuri sana. – Likoni, Mombasa

Usitume. Fungua profaili yake, kuna sehemu inaonyesha alijiunga mwezi gani na mwaka gani. Kama ni mwezi uliopita na anasema ameongoza hoteli miaka kumi, jibu unalo. Kisha muulize anatumia wakala gani wa Kenya, jina ulitafute kwenye orodha ya waliosajiliwa na NEA, ile mamlaka ya ajira ya Kenya, na akianza kukwambia "muda unaisha dear" mbloku. Kama ulishatuma, ile meseji ya M-Pesa usiifute, nenda nayo polisi leo leo.