Bhastrika, kubana pumzi na usingizi unaokatika: nipunguze vipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimetafakari kwa mantra (neno linalorudiwa moyoni) kwa mwaka mmoja, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, bila shida yoyote. Miezi miwili iliyopita niliongeza raundi tano za bhastrika, ile pumzi ya kasi na nguvu, na kila raundi naifunga kwa kubana pumzi. Sasa nakaa karibu saa nzima kila kikao. Mwanzoni nilijiona mwepesi na akili imetulia. Siku hizi usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi, mgongo unapata joto, nikikaa kichwa na bega vinajitupa vyenyewe, na nyumbani kila mtu ananikera. Mwenzangu ninayefanya naye anasema hiyo ni kundalini, nguvu inayoaminika kulala chini ya uti wa mgongo, inaamka, nikaze. Mke wangu anataka niache yote. Nani yuko sahihi, na kama ni kupunguza, napunguza vipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mke wako ameona vizuri kuliko mwenzako, ila si lazima uache yote. Mantra haijakukosea, ulikaa nayo mwaka mzima na ukalala. Kilichobadilika ni pumzi, tena ulibadilisha vitu vitatu kwa mpigo: ukaleta bhastrika, ukaleta kubana pumzi, ukaongeza muda karibu mara tatu. Kwa hiyo kuanzia leo jioni kubana pumzi basi, bhastrika basi, na mantra irudi dakika 10, asubuhi tu. Yanayofuata ni sababu zake na njia ya kurudi.

Bhastrika ni kupumua kwa kasi na kwa nguvu, kuingiza na kutoa, tumbo likisukuma. Ukipumua hivyo unatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Kiwango cha hewa hiyo kikishuka kwenye damu, damu inapungua asidi, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana, na kalsiamu iliyo huru ndani ya damu inapungua. Ndiyo maana mtu huona kizunguzungu, midomo na ncha za vidole zikafa ganzi, wengine hata vidole vikajikunja. Nimeshasikia hali hii ikiitwa nguvu inayotembea, malaika, chakra (vituo vya nguvu mwilini) zinazofunguka. Ni kemia ya damu, na huisha dakika chache baada ya kurudi kupumua kawaida. Kisichoisha upesi hivyo ni kule kuamshwa kwa mwili mzima: kupumua kwa kasi pamoja na kubana pumzi kunauweka mwili katika hali ya tahadhari, adrenalini inapanda, moyo unakimbia, unajiona umechangamka. Sehemu ya ule wepesi wa mwanzo ilitoka hapo. Ukiuamsha mwili namna hiyo mara mbili kwa siku, na mara ya pili iwe jioni, usingizi ndio wa kwanza kuharibika. Hasira hufuata, maana mtu asiyelala hukasirika hata kama hajawahi kusikia neno yoga.

Ugumu wa mazoezi haya ni kwamba hayakuonyi papo hapo. Ni kama jua la ufukweni: unakaa umestarehe, ngozi inaanza kuwaka ukiwa umesharudi ndani. Kikao kinaweza kuwa kitamu kabisa, na gharama yake ikaja kesho yake au wiki ijayo, wakati wewe umeshaongeza raundi nyingine mbili kwa sababu jana ilikuwa tamu. Mwanafunzi akinieleza aliyoyaona akiwa amefumba macho, mwanga, sauti, furaha isiyo na sababu, huwa namsikiliza kwa adabu, kisha namuuliza amelalaje. Namuuliza pia anakula vipi, kazi inakwenda vipi, na wanaoishi naye wanasemaje. Kipimo cha zoezi kiko huko nje ya kikao. Kwako majibu mawili uliyonipa, la usingizi na la nyumbani, yanaelekea upande mmoja, na la mke wako ndilo ningelipa uzito zaidi, kwa sababu yeye anakuona saa ambazo wewe hujioni.

Kuhusu kundalini, sitabishana na mwenzako kama ni yenyewe au siyo. Tuseme ni yenyewe. Hata hivyo neno “nikaze” halina msingi katika yoga yenyewe. Hatha Yoga Pradipika, maandishi ya karne ya 15 ambayo walimu wengi wa pranayama, yaani mazoezi ya pumzi, bado wanayategemea, yanasema pumzi ifugwe polepole kama anavyofugwa simba, tembo na chui milia, la sivyo itamuua mwenyewe. Kisha yanataja maradhi yanayoletwa na pumzi iliyoendeshwa vibaya: kwikwi, pumu, kikohozi, maumivu ya kichwa, ya masikio na ya macho. Aliyeyaandika aliyapenda mazoezi haya, hakuwa mpinzani wake. Na Gopi Krishna, mtumishi wa serikali huko Jammu na Kashmir aliyekuwa ametafakari kwa miaka mingi, alieleza kwa kirefu jinsi tukio la Desemba 1937 lilivyomwacha na joto la ndani, hofu, na usiku mwingi bila usingizi. Hayo si mambo ya kukimbilia.

Sasa namna ya kushuka. Kwa wiki mbili fanya mantra dakika 10 asubuhi, macho yakiwa nusu wazi kama joto la mgongo linasumbua. Ukimaliza, usisimame mara moja. Lala chali dakika 5 hadi 10, mikono pembeni, usifanye lolote. Watu huona hapo ni kupoteza muda wakaruka moja kwa moja kushika simu, na kwa uzoefu wangu nusu ya malalamiko ya kukereka ovyo mchana huanzia kwenye dakika hizo walizozikata. Jioni, badala ya kikao, tembea kwa miguu nusu saa au fanya kazi ya mikono inayotoa jasho. Kula vizuri, huu si wakati wa kufunga wala kupunguza chakula ili “kusafisha mwili”. Kahawa iishie asubuhi.

Ukitaka pumzi ya kukutuliza kabla ya kulala, ipo, na ni ya kawaida mno kiasi kwamba haiuziki. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa kwa pua ukihesabu hadi 6, bila kubana popote. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika, mwendo unaosaidia mapigo ya moyo kupoa. Tumbo linapanda kidogo na kushuka, mabega hayasogei. Fanya dakika 5. Ukihisi kiu ya hewa, fupisha hesabu iwe 3 na 4, usishindane nayo.

Kichwa na bega kujitupa: mitikisiko hiyo huwapata watu wengi wanaotafakari kwa muda mrefu au kwa nguvu, na mara nyingi inatulia yenyewe kiwango kikishushwa. Usiibane kwa kukaza misuli, na usiisherehekee pia, kwa sababu ukiingoja itakuja. Ikianza, fumbua macho, weka nyayo zote mbili sakafuni, taja moyoni vitu vitatu unavyoviona chumbani, uahirishe kikao. Lakini kama mitikisiko inakuja hata ukiwa huketi kutafakari, au umewahi kupoteza fahamu, au kwenu kuna kifafa, nenda kwa daktari kwanza. Usikubali mwalimu yeyote, mimi nikiwamo, akupe jibu la kiroho kwa swali ambalo daktari hajalipima.

Usingizi ukisharudi, usihesabu siku ulipopata nafuu ya kwanza. Hesabu tangu ulipolala vizuri wiki mbili mfululizo, ndipo uongeze kitu kimoja tu: ama dakika 5, ama kikao cha jioni. Kisha kaa hapo wiki mbili nyingine. Ukiongeza viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekuvuruga, na ndipo ulipo sasa. Usingizi ukikatika tena, rudi hatua moja bila kujilaumu wala kufidia siku zilizopotea.

Wapo ambao ningewaambia wasiguse kabisa pumzi za kasi na kubana pumzi, hata kwa kipimo kidogo: wajawazito, wenye presha ya damu isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, ngiri, au waliopasuliwa tumbo karibuni. Waliowahi kuugua saikosisi (akili kupoteza mguso na uhalisia) au baipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi) nao ni hivyo hivyo, na kwao hata kutafakari kwa muda mrefu kupite kwanza kwa daktari anayewatibu. Anayetumia dawa za akili asiziache kwa sababu ameanza kujisikia vizuri kwenye mkeka. Na hakuna mtu, mzima au mgonjwa, anayepaswa kupumua kwa kasi kisha kubana pumzi akiwa ndani ya maji: hewa ya ukaa ikiwa chini, mwili hautoi onyo la kutaka hewa, mtu anazimia na kuzama kimya.

Usidhani una udhaifu wa pekee. Mapitio ya tafiti 83 za kutafakari yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta kwamba takriban asilimia 8 ya washiriki walipata madhara ya aina fulani, wasiwasi na huzuni vikiongoza. Na hizo ni tafiti za kutafakari, si za bhastrika. Ndiyo maana huwa sina raha nikimwona mtu aliyezoea dakika 20 kwa siku akijiandikisha kwenye kambi ya kimya ya siku 10 ambako watu hukaa saa 10 kila siku, au akifuata video inayomwahidi kuamsha kundalini ndani ya wiki. Anayetengeneza video hiyo hatakuwepo saa nane usiku.

Kuna dalili ambazo hazisubiri wiki mbili zangu. Usiku mzima bila kulala, kisha wa pili, na bado hujisikii kuchoka. Sauti zinazokuambia la kufanya. Kuhisi kwamba umepewa ujumbe mkubwa ambao wengine hawajaupata. Dunia kuonekana si halisi kwa siku nzima. Mawazo ya kujidhuru. Moja tu kati ya hizo inatosha: acha zoezi lote, usikae peke yako, na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwombe mkeo azisome dalili hizi pia, maana mwenye nazo mara nyingi ndiye wa mwisho kuziona.

Utauliza kama bhastrika imekufa kwako. Hapana. Baada ya miezi mitatu ya kulala vizuri, kama bado unaitaka, irudie asubuhi tu, raundi moja ya pumzi 10 kwa kasi ya wastani, tumbo likiwa halina chakula, na mwalimu akikuangalia kwa macho walau mara za kwanza. Kubana pumzi kuje baadaye kabisa, na kipimo chake hakihitaji saa: ukimaliza kubana, pumzi itoke polepole na kwa utulivu. Ikichomoka kwa kishindo, au ukalazimika kuvuta nyingine haraka, ulibana kupita kiasi, na raundi inayofuata iwe fupi zaidi. Jioni usifanye bhastrika wala kubana pumzi, hata utakapokuwa umezoea.