Mboga mbichi, hesabu kavu

Nyinyi wadogo zangu wa maabara, mnaopima metali kwenye udongo na mboga, nisikilizeni kabla sijachoka nanyi. Juzi nimemkuta mmoja wenu kando ya mto Sabaki anachota udongo kwa jembe lenye kutu, anautia kwenye ndoo ya mabati. Ndoo ya mabati imepakwa zinki, na yeye zinki ndiyo anayoitafuta! Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwani mimi nimefanya makubwa kuliko hayo.

1. Mwiko wa plastiki, chekecheke la nailoni. La waya wa shaba liacheni.

2. Msichote mahali pamoja tu. Zungukeni shamba lote, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanyeni. Mwenye shamba akikuongoza moja kwa moja kwenye tuta fulani, jua kakuchagulia zuri, kama afanyavyo mtu akijiwa na mgeni.

3. Ukitaka kujua mlaji anakula nini, osha mboga kama anavyoosha yeye. Vumbi la barabarani lina risasi yake, ile metali yenye sumu.

4. Hapa ndipo nilipoungua. Nilikausha mchicha, nikausaga, nikauyeyusha kwa asidi, AAS, mashine yetu ya kupima metali, ikanipa risasi miligramu 2.1 kwa kilo. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni 0.3. Nikagawanya: mara saba! Mkono ulinitetemeka kwa raha, wala si kwa hofu, na hilo naliona haya hadi leo. Msimamizi sikumngoja. Nikapanda boda hadi kwa mama mwenye mchicha ule, nikamkuta amechutama, anafunga mafungu ya kupeleka sokoni Malindi alfajiri. Nikamwambia, mama, mchicha huu una sumu. Hakubisha. Aliuliza tu, "Hata tuliokula jana, mwanangu?" Nikajibu ndiyo. Akaita wajukuu, wakang'oa matuta manne jioni ile ile, mizizi ikibaki juu inanyauka.

Msimamizi alipoona jedwali langu aliuliza neno moja: "Mkavu?" Kile kikomo ni cha mboga mbichi, na kilo kumi za mchicha, kama tisa ni maji. Ile 2.1 ya unga mkavu, kwenye jani bichi ni kama 0.21. Haijafika hata kikomo.

Nilirudi. Njia ile ile, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Nikamweleza habari za maji na unga mpaka ulimi ukanikauka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi nitanunua mbegu tena." Pesa za mbegu nilitoa, za matuta manne sikuwa nazo. Hadi leo nikipita hunipa fungu, na kabla sijalipokea huuliza kwa sauti majirani wasikie: "Hili umelipima?"

5. Kwa hiyo pimeni uzito wa mboga mbichi kabla haijaingia ovenini, na kwenye ripoti muandike: mbichi au mkavu.

6. Blanki, yaani asidi tupu isiyo na sampuli, ipimeni na kila kundi. Vyombo vilale usiku kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10.

7. Udongo wetu wenye chokaa hushika risasi, hauiachii mmea upesi. Msipime udongo mkabashiri jani.

Na aliyeacha ndoo ya mabati pale mtoni aiwahi. Yule mama keshaifanya ya kumwagilia.