RAM imejaa, mashine nzito: majibu ya maswali yenu

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua, twende nayo moja moja.

"Nina steshenari Moshi karibu na stendi. Mashine yangu ina RAM ya GB 4, nimefungua Word tu inaniambia asilimia 70 imetumika. Fundi anataka nimlipe aweke programu ya kusafisha RAM, nikubali?"

Usikubali dada yangu, hiyo hela nunua rimu. RAM ikikaa tupu haikusaidii kitu, ndo maana Windows inaziachia programu zishike nafasi nyingi wakati ipo, halafu ikianza kubana inazipunguza yenyewe. Na hiyo 70 sio Word peke yake, kuna Windows yenyewe, antivairasi, printa na vitu kibao vinavyojiwasha pamoja na mashine. Hizo programu za kusafisha kazi yake ni kuzilazimisha programu zako ziachie nafasi, unaona namba imeshuka unafurahi, ukirudi kwenye kazi ya mteja vile vilivyotolewa inabidi virudishwe, vingine kutoka kwenye diski, unajikuta unasubiri zaidi ya mwanzo. Mimi nakwambia hizo programu hazina faida kabisa.

We bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance halafu Memory, uangalie palipoandikwa Available. Hiyo ndo nafasi ambayo programu inaweza kupewa muda huo huo. Pembeni kuna Cached, hapo wingi wake ni faili ulizotumia karibuni, zimebakizwa ili ukizitaka tena zije fasta, na hazimo kwenye ile 70 yako, programu ikihitaji nafasi zinaondolewa hapo hapo. Kama Available inabaki karibu GB 1 ukiwa katikati ya kazi, uzito unatoka kwingine.

"Nasoma chuo hapa Njiro. Laptopu ilikuwa na GB 4 nimeongeza ikawa 8, ila inaandika inayotumika ni 3 na pointi. Nimeuziwa feki?"

Hapana mdogo wangu, mashine imeiona 8, inayobana karibu kwa hakika ni Windows ya biti 32. Hiyo inahesabu anwani (namba za kuonyesha kitu kiko wapi kwenye kumbukumbu) za GB 4 tu, na sehemu ya anwani hizo inaenda kwa vifaa kama kadi ya picha, ndo unabaki na 3 na ushee. Fungua Settings, System, About, kama imeandika 32-bit halafu mbele x64-based processor basi prosesa yako inaweza 64. Ila huwezi kuipandisha juu ya ile ya zamani, inabidi uweke upya kabisa, kwa hiyo hamisha kazi zako kwanza, ripoti ya fildi na kila kitu.

"Mwanangu, nina ofisi ya safari Sakina. Binti wa ofisini anafungua kurasa nyingi za hoteli kwenye Chrome, mashine inaganda na diski inaonyesha 100. Kuna mtu kasema tufute pagefile."

Shikamoo mama. Msiifute, pagefile ni faili la Windows lililoko kwenye diski. RAM ikiisha Windows inahamishia kwenye hilo faili vitu visivyoguswa muda huo, mkilitoa, badala ya kuganda programu zitaanza kujifunga na kazi haijahifadhiwa. Kinachowatesa ni kwamba diski ya kuzunguka ni polepole kuliko RAM mara maelfu kwa maelfu, na Chrome kila tovuti inaitengea sehemu yake ili moja ikifa zingine zisife nayo, hapo nafasi inaliwa. Mwambie binti abonyeze Shift na Esc akiwa ndani ya Chrome ataona ukurasa upi unakula sana, afunge huo, pia awashe Memory Saver kwenye Settings. Hela ikipatikana, kama Available iko karibu na sifuri anza na RAM, kama nafasi ipo na diski bado iko 100, anza na SSD, ile diski isiyozunguka ambayo ina kasi zaidi.

"Natumia Ubuntu badala ya Windows, nimekopi video kwenye flashi ikaandika imemaliza, kufika kwa mteja faili limeharibika. Kwa nini?"

Kwa sababu kilichokuwa kimemaliza ni kuingia kwenye RAM kaka, kuandikwa kwenye flashi kulikuwa kunaendelea kimya kimya. Bonyeza Eject usubiri ikubali, au andika sync kwenye terminali, mpaka ikurudishie mstari mpya ndo uchomoe.